Masika Tanuru Ilipozama

Jumamosi, 7 Machi 1953

Leo sokoni karani wa Mangi, chifu wetu, alipanda juu ya jiwe akatangaza kwamba bwawa la huko tambarare limekamilika. Mvua zikichanganya, mlango wake utafungwa, na watu wa Tanuru lazima wawe wamehama. Watu waliokuwa wakinunua ndizi hawakuinua hata vichwa. Nami nikaibeba habari ile nyumbani kama habari nyingine yoyote, nikamwambia Mama wakati tunamenya ndizi za mtori.

Mama akaweka kisu chini.

"Baba yako yuko kule," akasema.

Nilijua, lakini nilikuwa sijalifikiria. Tanuru ilikuwa kambi ya machimbo ya chokaa, kupita Chekereni. Wanaume wa makabila yote walichimba mawe meupe ardhini, wakayachoma katika tanuru kubwa ya matofali, na chokaa ikauzwa kila mahali. Baba yangu, Kornel, alikuwa mchimbaji. Mwaka 1932 shimo lilimporomokea. Bwana wa machimbo alisema kulifukua ni hatari na ni hasara, akaamuru liachwe. Mwaka uliofuata biashara ikamshinda, akafunga, akaondoka. Wafanyakazi wakabaki, wakalima mahindi. Mimi nilikuwa na miaka saba.

Kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, huletewa udongo wa mahali alipofia, ukazikwa kihambani, kwenye migomba yake. Baba hakuletewa. Kila mwaka Mama alikuwa akisema "mwakani". Sasa miguu yake imevimba, hafiki hata mtoni, na mwakani patakuwa maji matupu.

"Niletee udongo wa baba yako kabla sijafa, Eli," akasema. "Sitaki kuzikwa peke yangu kama mtu asiyeolewa."

Nikamwambia nitauleta. Nilidhani ni kazi ya siku moja.

Jumapili, 8 Machi

Kaka yangu Gidioni alikuja baada ya ibada. Tangu awe mzee wa kanisa anaongea hata na mbuzi kama anahubiri. Mama alipomweleza, akasema hayo ni mambo ya kishenzi, Baba yuko mikononi mwa Bwana na Bwana hahitaji kikapu cha udongo.

"Basi usichimbe wewe," nikamwambia. "Nitachimba mimi."

"Mwalimu mzima!" akasema, akaondoka bila kunywa chai. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kukuudhi hata kwa namna anavyovaa kofia yake.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeshuka Tanuru. Kutembea hadi Moshi, lori la mahindi hadi Chekereni, kisha kwa miguu tena katika jua la kukausha ulimi. Niliambiwa nimtafute Mzee Mikidadi, aliyefanya kazi shimo moja na Baba. Nikafika, Mzee Mikidadi hayupo. Amekwenda Njoro, pale Moshi mjini, kuangalia viwanja wanavyogawiwa wanaohamishwa.

Alinipokea mama mmoja, Adija, mjane wa fundi wa tanuru. Akanipa chai ya tangawizi na maneno mengi kuliko chai. Kwa kumsikiliza yeye, Tanuru ilikuwa mji: Wapare, Wamanyema, Wanyamwezi na sisi Wachagga, msikiti, duka la Mhindi, na ngoma kila mwisho wa mwezi. Nilichoona mimi ni nyumba za udongo, mahindi yaliyokonda, msikiti wenye bati moja lililofunguka, na kuku.

"Shimo alilofia baba yangu liko wapi, mama?"

"Mikidadi ndiye anayejua, mwanangu. Mimi ningekuonyesha, lakini asije akasema nimemwingilia. Njoo Jumamosi ijayo."

Nimerudi mikono mitupu. Mama aliitazama, akanipakulia mtori.

Jumatano, 18 Machi

Mvua imeanza. Nusu ya darasa hawakuja shule.

Jumamosi, 21 Machi

Naandika nikiwa na hasira hata kalamu inachana karatasi.

Mzee Mikidadi leo alikuwepo. Ni mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma, anacheka kabla hujamwambia kitu cha kuchekesha. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia, akanishika mkono na kuniita mtoto wa Kornel, akanipeleka moja kwa moja hadi kwenye sale moja refu, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda makaburini na mipakani, pembeni ya mahindi.

"Hapa," akasema. "Wachagga wenzake walipanda sale hili mdomoni mwa shimo, wiki ileile. Walisema kwenu sale halichezewi."

Nilitaka kulia kwa furaha. Nikapiga magoti, nikatoa jembe dogo, nikaanza kuchimba. Mara Adija akaja mbio kutoka nyumbani kwake, kanga imemvuka bega.

"Weee! Unachimba mpaka wangu!"

"Mpaka gani?" akauliza Mikidadi. "Hili ni kaburi la Kornel."

"Kaburi la Kornel liko kule!" Akaonyesha sale jingine, mbali, karibu na mfereji. "Hili tulipanda mimi na marehemu mume wangu, na wewe ulikuwepo, ukashika kamba!"

Nikasimama, nikatazama shamba zima kwa mara ya kwanza. Masale yalikuwa kila upande. Kila kona ya kila shamba ilikuwa na sale, yote yamenawiri, yote marefu.

Nilichukua muda mrefu kupata maelezo, kwa sababu wote wawili walikuwa wakinieleza kwa pamoja. Machimbo yalipofungwa, watu waligawana ardhi, wakaanza kugombana mipaka mpaka wakashikiana mapanga. Ndipo mtu akakumbuka kwamba Wachagga huko mlimani huweka mpaka kwa sale na ugomvi unaisha. Sale lilikuwepo moja tu Tanuru. Wakakata matawi yake, wakapanda kila mpaka. Hakuna aliyeona ubaya. Walimheshimu marehemu hata wakayaamini majani ya kaburini kwake, na kwa heshima hiyohiyo wakalipoteza kaburi.

"Lakini sale lenyewe lilikuwa lipi?" nikauliza. "Lile la kwanza?"

Mikidadi akavua kofia, akajikuna. "Wallahi, mwalimu, miaka ya mwanzo nilikuwa nalijua."

Nikamwambia kwamba kwetu hata mtoto anayeanza kutembea angejua sale la kaburi halikatwi kwenda kupandwa mpakani. Akanijibu kwa upole kwamba wao hawakuwa watoto wa kwetu.

Jumapili, 22 Machi

Gidioni amesikia. Akasema, "Unaona sasa." Nikatoka nje nisije nikamrushia sufuria.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua. Daraja la chini limechukuliwa, lori haliendi. Nimekaa nyumbani nikisahihisha madaftari ya watoto wanaoandika kwamba Kilimanjaro uko Uingereza. Mama anakohoa.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Gidioni amesoma somo kanisani kwa sauti nzuri. Naikubali sauti yake, simkubali yeye.

Jumamosi, 4 Aprili

Mama aliniambia, "Nenda, Pasaka tutaila bila wewe kupika." Nikaenda.

Nusu ya Tanuru imeshahama. Bati la msikiti limeondolewa. Mzee Mikidadi alikuwa ananisubiri njiani kwenye manyunyu, akasema amepata njia. Zamani, kutoka mlango wa tanuru ulioelekea mlimani, ukinyoosha moja kwa moja hadi mawe yaanzapo, unaliona shimo. Nikamwambia twende kwenye tanuru basi.

Tukafika. Palikuwa na nyasi na duara la majivu. Hakuna hata tofali, wala alama ya mlango ulikokuwa.

"Tanuru iko wapi, mzee?"

Akaangalia pembeni. Adija, aliyekuja nyuma yetu na mwavuli, ndiye aliyejibu. Matofali yamekwenda jikoni kwa watu. Mawili matatu kwa huyu, kumi kwa yule, baraza lake yeye mwenyewe lote ni tofali za tanuru. Kila mmoja alichukua akidhani wengine wameacha.

"Mimi shimo nilikuwa nalijua kwa tanuru," akasema Mikidadi polepole, "na tanuru tumeila."

Hapo nikapasuka. Nilimwambia mzee wa watu kwamba walimwacha baba yangu chini, wakakata sale lake, wakala na matofali, na sasa wanakwenda Njoro kupewa viwanja, na mama yangu hana hata kiganja cha udongo. Nilisema mengi. Sitayaandika yote. Mikidadi akageuka akaenda zake kwenye mvua, bila mwavuli.

Adija akaniambia, "Umemaliza, mwalimu?"

Nikafuta mvua usoni.

"Yule mzee alichimba kwa mikono baada ya bwana kukataza. Nyapara alimchapa kiboko atoke, akarudi usiku, nyapara akamchapa tena. Walimfukuza kazi kwa ajili ya baba yako, wakamrudisha tu kwa sababu hakuna mwingine aliyejua baruti. Wewe hukuwepo. Ulikuwa mlimani unanyonya maziwa."

Nilitembea hadi Chekereni nikiwa sijui nimkasirikie nani. Jambo hilo halinifurahishi hata kidogo; kukasirika ni rahisi ukishajua wa kumkasirikia.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mfongo, mfereji wetu wa maji, umejaa mpaka unamwaga kwenye kahawa ya Gidioni, anazozana na majirani kuhusu zamu ya maji wakati maji yapo kila mahali.

Jumamosi, 18 Aprili

Mlango wa bwawa umefungwa juzi. Nilipofika Tanuru, maji yalikuwa yamekwishaingia mashambani, yametulia tu, hayana haraka. Nilimkuta Mzee Mikidadi akifunga mkeka wake wa mwisho. Nikamwomba radhi. Nilisema nilikosa adabu. Akaniambia, "Yamepita, mwanangu," kisha akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini kabla sijamwomba.

Tulizunguka kati ya masale, maji yakitufika magotini. Alisimama kwenye moja, akatingisha kichwa. Akasimama kwenye jingine, akautazama mlima, uliokuwa umefunikwa na mawingu wote. Mwishoni akasema, "Naona ni hili. Siapi." Nikazamisha mkono, nikatoa matope, nikajaza kikapu.

Nilikibeba kutoka Chekereni hadi nyumbani, matope yakinichuruzika shingoni. Nikakiweka mbele ya Mama. Mama akatia kidole, akasugua, akanusa.

"Huu si udongo wa baba yako."

"Mama!"

"Mweusi huu. Nilifua nguo zake miaka yote. Maji yalikuwa yanatoka meupe kama maziwa. Hata kikohozi chake kilikuwa cheupe. Huu ni udongo wa mahindi ya mtu."

Nikamwambia kwamba Mikidadi amesema pengine ni pale. Akaniuliza, "Na mimi utanizika pengine?"

Nikatoka nje nikakaa kwenye mvua, nikalia kwa hasira. Nilimchukia Mama kwa kuwa mkweli. Nililichukia bwawa, na karani wa sokoni, na masale, na mimi mwenyewe kwa kutoshuka kule miaka yote nikiwa na miguu mizima.

Jumapili, 19 Aprili

Nimemwaga matope kwenye kahawa.

Jumamosi, 25 Aprili

Nimefika mahali njia inapoingia majini. Tanuru haipo. Yapo maji ya kahawia, na ncha za masale zimetokeza juu, safu kwa safu, zikionyesha mipaka ya mashamba ambayo hayana wenyewe tena. Jamaa mmoja alikuwa anavua kambale pale alipokuwa na duka Mhindi. Nilisimama mpaka nikaona aibu ya kusimama bure.

Nikarudi mjini, nikapita Njoro kumuaga Mzee Mikidadi, maana sikuwa na la zaidi kwake. Nilimkuta amelala kwenye kibanda kipya, homa imembana, Adija anampikia uji. Nikamwamkia, nikamweleza alichosema Mama: kwamba udongo wa Baba lazima uwe mweupe.

Mzee akafumba macho. "Mama yako anasema kweli. Lakini mweupe haukubaki kule. Tulikuwa tukiuchimba tuuze. Mwekundu na mweusi ndio tuliouacha."

"Basi haupo tena."

Mzee akanigeuzia mgongo. Adija akamwambia, "Mwambie, Mikidadi. Wote waliokuambia unyamaze wamekufa."

Akaniambia. Siku ile walikuwa wanachimba mzigo wa kanisa. Kanisa letu, la huku juu. Lori lilikuwa limeshaagizwa, na mzigo ulikuwa umepungua kidogo. Nyapara alisema upelekwe hivyohivyo. Baba akasema hapana, ni kanisa la kwao, mkewe na watoto wake watasali humo, halitapungukiwa kwa sababu yake. Akaingia tena. Alitoa vikapu kadhaa. Alipoingia mara ya mwisho, hakutoka.

"Vile vikapu alivyotoa?"

"Vilichomwa pamoja na mzigo, vikapelekwa. Walikuwa wameshanirudisha kazini, nikapanda na lori. Mafundi walikuwa wamebakiza ukuta mmoja tu kupiga lipu, upande wanakokaa akina mama. Wachagga wenzake wakasema asiambiwe mjane. Akisikia ni kanisa lililomrudisha shimoni, hataingia tena humo. Tukaapa."

Kila mtu kwetu anajua chokaa ya kanisa ilitoka tambarare. Machimbo huko yalikuwa mengi. Hakuna aliyejiuliza ni shimo lipi.

Jumapili, 26 Aprili

Niliwaambia Mama na Gidioni pamoja, baada ya ibada. Nilitaka kumwona Gidioni akikosa la kusema, na kweli alikosa. Haikunipa raha niliyoitegemea. Alikuwa na miaka kumi na mitano Baba alipokufa. Yeye alimjua, mimi namkumbuka mabega tu.

Mama alisema, "Upande wa akina mama." Kisha akasema, "Mimi hukaa ukutani kwa sababu ya mgongo."

Nikasema basi tukakwangue kidogo. Gidioni akarudiwa na sauti yake.

"Ukuta wa kanisa haukwanguliwi, Eli. Mimi ndiye mwenye ufunguo, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Baba aliingia shimoni kwa ajili ya ukuta huo!"

"Ndiyo maana hauguswi!" akapiga kelele. Sijawahi kumsikia Gidioni akipiga kelele nje ya mimbari.

Jumamosi, 2 Mei

Mama hali mtori. Hali kitu.

Jumanne, 5 Mei

Nimekwenda kwa Gidioni mara mbili. Mara ya kwanza yuko kwenye kahawa, mara ya pili yuko kwenye kahawa. Kahawa ya mtu mmoja haiwezi kuhitaji kupaliwa kiasi hicho.

Alhamisi, 7 Mei

Mchana, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka shule, Gidioni alikuja. Hakubisha hodi. Alimbeba Mama mgongoni, mwanamke mzima na miguu yake iliyovimba, akashuka naye hadi kanisani, nami nyuma nikiwa nimebeba ubao wa kukalia, sijui hata kwa nini niliubeba. Alifungua kwa ufunguo wake. Ndani palikuwa baridi. Akamketisha Mama mahali pake pa siku zote.

Hata hapo niliudhika, kwa sababu ukuta ule ni mrefu na hakuna anayejua kikapu cha Baba kiliishia wapi. Nilisema hivyo. Nilisema tumerudi palepale, masale matupu.

Mama akauweka mkono ukutani.

"Mafundi walikoroga chokaa yote pamoja," akasema. "Yuko kote. Miaka yote hii nimeegemea hapa nikimwomba Mungu anionyeshe alipo."

Akalia kwa sauti, na Gidioni akalia, na mimi nikalia. Kisha Gidioni akatoa mfukoni kisu chake cha kupogolea kahawa, akaanza kukwangua lipu karibu na bega la Mama, hadi jiwe likaonekana. Mama alikinga kitambaa chini yake. Chokaa ilianguka nyeupe, kavu.

Tulimzika Baba jioni hiyohiyo kihambani, kwenye mgomba mkubwa nyuma ya nyumba. Gidioni hakuhubiri. Alisema kwa Kichagga, "Baba, karibu nyumbani," akafukia kwa mikono. Mama alikula mtori mabakuli mawili.

Jumapili, 10 Mei

Mvua imepungua.

Kabla ya matangazo mchungaji alisimama, amekunja uso. Akasema kuna mtu ameharibu ukuta upande wa akina mama, pamekwanguliwa mpaka kwenye jiwe, na kama ni watoto wazazi wao waseme. Akina mama wote wakageuka kupatazama. Mama alikaa palepale, ameegemea, hakusogea.

Upande wa wanaume Gidioni akainuka. Kofia aliishika mkononi, nami kwa mara ya kwanza masika hii nikamwonea huruma, nikataka mtu amwambie akae.

"Ni mimi, mchungaji," akasema. "Nilikuwa namtoa baba yangu."

Akaketi. Mchungaji alimtazama Mama, akautazama ukuta, kisha akaendelea na matangazo ya wiki.